Ukuta wangu unangoja bunduki ya babu, mama anaikataa

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni baba wa watoto wawili. Kazi yangu iko Arusha, nyumbani ni Kibosho, mlimani Kilimanjaro. Baada ya miaka sita ya kupandisha tofali moja moja, mwaka huu nyumba ya kihambani imekwisha, na Krismasi hii ndugu wanaopanda kutoka Dar, Mwanza na Nairobi watafikia kwangu kwa mara ya kwanza. Ukiingia mlango mkubwa unakutana na ukuta mmoja mpana, mita nne kasoro kidogo, ambao niliuacha mtupu makusudi. Tangu msingi unachimbwa nilijua nitaweka nini pale: bunduki ya kale, kwa ajili ya babu.

Babu mzaa baba alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki. Walipelekwa Burma mwaka 1944, akarudi mzima, akapanda kahawa, akafariki mimi nikiwa darasa la pili. Kilichobaki kiko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mama: nyota ya shaba yenye ncha sita na utepe uliochakaa, na kijitabu cha jeshi ambacho mende wamekula pembe. Naona ni vitu vidogo mno kwa ukuta ule. Kaka yangu wa Dar ana fuvu la nyati sebuleni, na kila anayeingia anauliza habari zake. Nataka na kwangu waulize.

Nimetenga laki sita. Hadi sasa nimepata njia tatu. Ya kwanza ni gobore la mzee mmoja wa huku chini tambarare. Anataka laki mbili na nusu, anasema lilikuwa la baba yake na halijafyatuliwa tangu enzi za Mwalimu. Hana karatasi yoyote. Nimeshamtumia laki moja kwa simu kama advansi, na amesema atalileta usiku kwa bodaboda, limefungwa kwenye gunia. Ya pili iko kwa muuza vinyago mmoja wa Arusha. Anaiita Mauser ya Mjerumani, ina vinjumu vya shaba kwenye kitako na mwaka 1888 umechongwa ubavuni. Anataka milioni moja na laki nne, akisema kwangu atashuka. Ya tatu, binamu yangu anaishi Birmingham, Uingereza. Ameona bunduki ya kale ya Kiingereza iitwayo Martini-Henry, iliyozimwa kabisa isiweze kufyatua tena, ina cheti, na yuko tayari kuichangia. Anasema ataitia kwenye begi akija Desemba.

Mke wangu hataki hata kusikia. Tuna mtoto wa kiume wa miaka tisa ambaye kila kijiti kwake ni bunduki. Mama ndiye aliyenivunja nguvu zaidi. Nilidhani atafurahi, lakini alisema: "Babu yako alirudi mikono mitupu na hakupenda kuulizwa. Wewe unamletea ya nini?" Halafu akanyamaza, akaendelea kumenya ndizi. Kaka naye anacheka simuni: "Hilo ni pambo tu, unaogopa nini?"

Naomba unisaidie. Ipi kati ya hizi ina unafuu bila kuniletea matatizo? Je, kwa ile laki moja nimeshaingia kwenye makosa? Na mama nimwambie nini?

Ukuta Mtupu, Kibosho

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Ukuta Mtupu, na hongera kwa nyumba. Umeuliza bei, sheria na mama katika barua moja, na nikisoma naona vyote vinakutana kwenye sanduku la bati. Tutafika huko. Kwanza gobore, kwa sababu lenyewe linaweza kufika kwako kabla ya jibu hili.

Mpigie yule mzee leo, mchana, umwambie asilete. Mwambie kwa upole na bila vitisho, na usimdai ile laki moja kwa namna itakayomfanya aone njia pekee ya kumalizana na wewe ni kukuletea mzigo. Gobore ni silaha mbele ya sheria zetu, na linatajwa mahakamani kila mara kwenye kesi za ujangili. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka kibali kwa anayemiliki silaha, na kibali si rahisi kukipata kwa kitu ambacho hakijawahi kuandikishwa popote. Kwamba halina risasi, au kwamba unataka kulitundika tu, ni maelezo utakayoyatoa baadaye, ukiwa umeshakutwa nalo. Sasa jiweke kwenye nafasi ya polisi wa doria: bodaboda, usiku, gunia refu, upande huu wa mlima wenye hifadhi juu na wanyama chini. Hatakuuliza habari za babu.

Je, umeshavunja sheria kwa kutuma pesa? Silaha hujaishika, na hilo ni jambo kubwa. Lakini makubaliano yapo, na ujumbe wa malipo umo kwenye simu yako. Ningekuwa wewe ningekaa nusu saa na wakili kabla ya kufanya lingine lolote, na ningeihesabu laki moja kama imekwenda. Mzee naye anabaki na kitu cha hatari chini ya uvungu. Polisi wamekuwa wakitangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, kama kile cha mwaka 2022, na anaweza kuuliza kupitia mwenyekiti wake wa kijiji. Wewe usijitolee kumbebea, hata kwa nia njema.

Na hilo neno "halina risasi" lisikutulize. Bunduki ya kushindilia kwa mdomo huwezi kuikunja ukaona ndani. Baruti na marisau hukaa chini kabisa ya mtutu, vimezibwa kwa kitambaa, na baruti nyeusi ikibaki kavu haizeeki kama unga wa mahindi. Miaka hamsini si kitu kwake. Fundi wa silaha hupima kwa kijiti cha mbao: hukiingiza mpaka kikwame, hukitia alama penye mdomo wa mtutu, kisha hukilaza nje ya mtutu. Kama ncha yake haifiki usawa wa tundu la moto, kuna kitu kimekaa mle. Kazi hiyo si ya sebuleni. Ninaitaja ili ujue kwamba mwenye gobore anaweza kuapa kwa moyo safi na bado likawa limeshindiliwa tangu siku marehemu baba yake alipolisubiri nguruwe likakosa kufyatuka.

Sasa tuje kwa muuza vinyago. Sijaiona bunduki yake, kwa hiyo siwezi kusema ni ya kweli au ya kughushi, lakini naweza kukuambia pa kutazama. Anza na skrubu. Bunduki ya kiwandani ya karne ya 19 ina skrubu za mfereji mmoja. Ukiona kichwa cha msalaba, skrubu hiyo ni ya miaka ya 1930 au baadaye, na lazima ujiulize nini kingine kimebadilishwa. Kisha mulika tochi ndani ya mtutu. Bomba la maji lina mstari mnyoofu wa mshono toka mwanzo hadi mwisho, na mara nyingi huko mdomoni unaona mabaki ya nyuzi za kufungia soketi zilizosuguliwa kwa tupa. Tazama viungo: uvimbe wa kuchomelea kwa umeme, ule unaofanana na vifungo vilivyopangana, hauna kazi kwenye kitu cha 1888. Kutu ya zamani ni ya kahawia iliyoiva, imetulia na imelingana. Kutu ya rangi ya chungwa inayochafua kidole ni ya juzi, ya chumvi au ya kufukiwa ardhini. Vinjumu vya shaba havithibitishi chochote, kwani hupigwa hata leo kwa sababu wageni wanavipenda.

Halafu jina. Mauser iliyobebwa zaidi na askari wa Mjerumani huku kwetu ilikuwa ya mwaka 1871, ya risasi moja moja, yenye mtutu wa milimita 11 na baruti nyeusi. Vita ilipoanza 1914 vikosi vingi vya askari bado vilikuwa nayo, na moshi wake ulikuwa unawachongea walipojificha. Bunduki hiyo ikiwa ya kweli ina maandishi ya kiwanda yaliyogongwa kwa muhuri, herufi zikiwa na kina kimoja, na namba inayojirudia kwenye sehemu mbalimbali za chuma. Mwaka uliochongwa kwa patasi ubavuni, herufi moja imelala na nyingine imesimama, ni kazi ya mtu aliyetaka uuone.

Lakini angalia mtego ulipo. Ikiwa ni bomba la maji, utalipa milioni moja kwa kazi ya wiki moja ya fundi wa kuchomelea. Ikiwa ni Mauser ya kweli, ni silaha, na risiti ya duka la vinyago haigeuki kibali. Ukweli wenyewe unaokufanya uitamani ndio unaoipeleka polisi. Na kama ni ya zamani zaidi, au imepambwa na mafundi wetu wa zamani, inakuja pia Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, ambayo ina masharti yake juu ya kuuza na kusafirisha vitu vya aina hiyo. Muuzaji akikwambia "hii ni antiki, haihitaji chochote", mwombe akuandikie hivyo na kuweka sahihi. Uso wake utakupa jibu.

Njia ya binamu ina heshima zaidi, na naona kwa nini imekuvutia. Bunduki iliyozimwa Uingereza imepitia nyumba ya majaribio inayokagua bunduki, London au Birmingham. Mtutu hupasuliwa au kujazwa chuma kigumu kilichochomelewa, njia ya pini hufungwa, na sehemu zinazotembea hukatwa au kugandishwa. Ikifanywa sawasawa hairudi kuwa bunduki. Kwa sheria za Uingereza, mwenye nayo anaitundika bila leseni. Ila cheti hicho kinazungumza na polisi wa Uingereza. Kwenye mashine ya mizigo pale KIA, Martini-Henry iliyozimwa na isiyozimwa zina kivuli kilekile: urefu wa kama mita moja na robo, karibu kilo nne, wenzo wa chuma chini. Na begi lenyewe litakuwa na shida na shirika la ndege kabla halijafika kwa forodha. Kama unaitaka njia hii, inaanza na barua yako kwenda kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, yenye picha na nakala ya cheti, ukiuliza kama inaruhusiwa kuingia na kwa kibali gani. Unasubiri jibu la maandishi, ndipo binamu analipa. Hii si kazi ya kuisha kabla ya Krismasi hii. Na gharama ya kusafirisha kihalali inaweza kuipita bei ya bunduki yenyewe, kwa hiyo laki sita zako zitakwisha njiani.

Pengine unajiuliza, basi nikiomba leseni ya bunduki halisi ya kale? Watu wanafanya hivyo, hasa warithi wa bunduki zilizoandikishwa. Maombi yanaanzia mtaani kwako, yanapanda kamati kwa kamati. Lakini leseni inakuja na wajibu wa kuihifadhi silaha mahali pa kufungwa, kwenye kasha la chuma, ufunguo kwako. Kwa hiyo ile utakayopewa kihalali haitakaa ukutani. Ukuta wako utabaki kama ulivyo, na bunduki itakaa chumbani gizani.

Hapa naomba nikuulize jambo ambalo barua yako imelipita haraka. Bunduki zote tatu ulizotafuta, hakuna hata moja ambayo babu yako aliishika. Gobore ni la mwindaji. Mauser ni ya jeshi lililopigana na KAR kwenye vita ya kabla yake, maana yake ungekuwa unamtundikia bunduki ya adui. Martini-Henry ilikuwa imezeeka hata kabla babu hajazaliwa. Wanajeshi wa Afrika Mashariki waliokwenda Burma mwaka 1944, wale wa Divisheni ya 11 yenye alama ya kichwa cha kifaru, walioshuka Bonde la Kabaw kwenye mvua na tope hadi mto Chindwin, walibeba Lee-Enfield: bunduki ya komeo, magazini ya risasi 10, risasi za .303. Na bunduki ile ilikuwa mali ya serikali. Askari akimaliza utumishi aliirudisha ghalani kwa namba. Mama yako aliposema alirudi mikono mitupu, huenda alikuwa anasema jambo lililotokea kweli, siku fulani, mbele ya meza ya mtunza ghala.

Je, unamtafutia babu, au unaitafutia sebule? Siulizi kwa kukusuta. Kutaka wageni waulize si dhambi, na fuvu la nyati la kaka linauma kidogo, inaeleweka. Ila majibu mawili yanakupeleka kwenye vitu viwili.

Kama umbo la bunduki ndilo unalolihitaji ukutani, iko njia ambayo hukuitaja, nayo inaingia kwenye laki sita na kubakiza: kuchonga. Lee-Enfield ile fupi, ya Namba 1, imetengenezwa kana kwamba ilimfikiria seremala. Mbao yake inaufunika mtutu wote mpaka mdomoni, na mwisho una kofia butu ya chuma. Kinachoonekana cha chuma ni kidogo: kofia hiyo, komeo na kitasa chake cha mviringo, sanduku la magazini chini, kiwambo cha triga, shabaha, na bamba la kitakoni. Urefu wake wote ni milimita 1,130. Nunua mbao kavu ya mninga ya inchi 2 kwa 6, futi 4. Mninga haupindi kirahisi na rangi yake baada ya mafuta iko karibu na ile ya kitako cha zamani. Fundi achore umbo la ubavuni kwa ukubwa kamili kutoka kwenye picha iliyopanuliwa, alipime kwa ule urefu, ndipo akate. Sehemu za chuma achonge kwa mbao peke yake, azipige msasa laini, azipulize rangi nyeusi isiyong'aa, kisha asugue pembe kwa unga wa risasi ya penseli ili zionekane kama chuma kilichoshikwashikwa. Mbao iliyobaki isipigwe vanishi ya kung'aa. Mafuta ya kitani mara tatu, siku moja katikati ya kila mkono, na kitambaa. Mkanda wa turubai wa upana wa sentimita tatu unamalizia.

Kosa moja linaiharibu njia hii, na mafundi wetu hulifanya kwa kutaka kukufurahisha: kuweka bomba. Bomba la chuma lililozibwa upande mmoja na kukazwa kwenye kitako cha mbao ni gobore lililokosa baruti, hata kama wewe umeliita sanamu. Mtutu uwe mbao ngumu tupu, na pale mdomoni achimbe kishimo cha sentimita moja tu cha kupaka rangi nyeusi. Triga isitembee. Komeo lisifunguke. Mwambie fundi kabla hajaanza, mlipe kwa risiti inayosema "sanamu ya mbao ya mapambo", piga picha za hatua zote, na umjulishe mwenyekiti wako wa mtaa. Kutoka karakana hadi Kibosho isafiri vipande viwili, si kwenye gunia. Hata ya mbao, mtu akiiona dirishani jioni hajui ni ya mbao, na wezi wameshatumia sanamu kutishia watu. Ndiyo maana ningeiweka ndani ya kabati la kioo la kina cha sentimita 15, iliyokazwa kwa skrubu kutokea nyuma, ili isitoke bila bisibisi na dakika kumi.

Hilo ndilo pia linalomjibu mke wako kwa sehemu. Kwa sehemu tu, kwa sababu yeye anamtazama mtoto. Kijana wa miaka tisa anayeona bunduki imepewa ukuta bora wa nyumba anajifunza kitu, na nyinyi wawili hamjakubaliana bado ni kitu gani. Ningekuomba umsikilize mpaka amalize, bila kumwonyesha picha za Martini-Henry katikati ya maneno yake.

Kuhusu kutundika, lolote utakaloamua: nyumba yako ni mpya, na lipu mpya inatoa maji kwa miezi. Kwa baridi ya Kibosho kitu chochote chenye chuma au karatasi kikigusa ukuta huo sasa kitakuwa na madoa kufikia Pasaka. Acha nafasi ya sentimita mbili nyuma ya kabati kwa vipande vya mbao pembeni, hewa ipite. Toboa kwenye tofali, usitoboe kwenye kiungo cha mota, drili ya milimita 8, fisha zake, skrubu nne. Usiweke juu ya mahali pa moto wala ukuta unaopigwa na jua la saa kumi.

Sasa sanduku la bati. Umesema vitu vyake ni vidogo mno kwa ukuta ule. Umevitazama kwa karibu lini? Ile nyota, ishike kwenye mwanga usome duara lililozunguka herufi za mfalme. Nyota za vita ile zote zina ncha sita. Jina ndilo linalozitofautisha. Ukikuta neno BURMA, unajua. Kama utepe umepoteza rangi, utepe wake ulikuwa na mstari mwekundu katikati na buluu iliyoiva pembeni, kila upande na mstari mwembamba wa rangi ya chungwa. Nyuma utaikuta tupu, bila jina la babu, kwa sababu nyota hizo zilitolewa kwa askari wetu bila kuandikwa majina. Yaani nje ya sanduku lile, mbali na kile kijitabu kilicholiwa pembe, nyota hiyo ni nyota ya mtu yeyote. Kijitabu ndicho kinachoifanya kuwa yake: kwa kawaida kina jina, namba ya askari, kikosi, tarehe ya kuingia na ya kutoka, na neno la ofisa juu ya tabia yake. Usiisugue nyota kwa Brasso. Weusi uliomo kwenye mifereji ndio unaofanya maandishi yasomeke.

Wapo watakaosema weka hivyo viwili katikati ya ukuta wa mita nne, na pembeni yake uache wazi. Wapo watakaosema weka na bunduki ya mbao, la sivyo watoto hawataelewa alikuwa nani. Wapo ambao wangemsikiliza mama na wasitundike kitu chochote cha vita, wakaweka picha ya babu kwenye kahawa yake, kama ipo. Kila moja ina gharama. Ya kwanza inaweza kukuacha unajiona umeshindwa mbele ya kaka. Ya pili inaweza kumfanya mama asikae sebuleni kwako. Ya tatu inaweza kulizika jambo ambalo wewe ndiye mjukuu wa kwanza kutaka kulifukua.

Umeniuliza umwambie mama nini. Sidhani anangoja kuambiwa. Alikuuliza swali, "unamletea ya nini?", na barua yako haionyeshi kama ulimjibu. Mama alikuwa mkamwana wa yule mzee. Alimpelekea chakula, alimwona akiamka usiku au asiamke. Ana miaka ya mambo ambayo wewe wa darasa la pili usingeambiwa. Panda Jumamosi moja kabla Desemba haijakubana, bila mkeo na bila picha za simu. Muombe akutolee sanduku mwenyewe kwa mkono wake, na umsomee kile kijitabu ukurasa kwa ukurasa, kwa sauti, maana huenda kimeandikwa Kiingereza na hakuna aliyewahi kumsomea. Akitaka kunyamaza mahali, nyamazeni.

Akikubali kitoke, usitundike kijitabu chenyewe. Wino wa miaka ile unapauka kwa mwanga ndani ya miaka michache, na mende wakishaonja pembe hurudi. Pelekeni mjini kikapigwe nakala ya rangi kurasa zote, nakala iende kwenye kioo, na chenyewe kirudi kwenye bahasha ya karatasi, isiwe ya nailoni, ndani ya sanduku lilelile chini ya kitanda cha mama.